Moduli za PHP kabla ya plagini ya WordPress: dalili, chanzo na tiba

Kabla ya kukuruhusu kuwasha plagini, WordPress hukagua mambo machache sana: toleo lake yenyewe, toleo la PHP, na tangu toleo la 6.5 la mwaka 2024, plagini nyingine ambazo hiyo mpya inazitegemea. Mtengenezaji huyatangaza hayo kwenye kichwa cha faili kuu kwa mistari ya "Requires at least", "Requires PHP" na "Requires Plugins". Moduli za PHP, yaani vipande vya ziada vinavyoiongezea PHP uwezo, hazimo. Hakuna mstari rasmi wa kutangaza kwamba plagini haiwezi kwenda bila intl au soap, kwa hiyo WordPress haina cha kukagua. Mtengenezaji mwangalifu huandika ukaguzi wake ndani ya msimbo. Wengine hawaandiki, na upungufu hujulikana siku mteja anapobonyeza kitufe cha kulipa na ukurasa ukakatika katikati.

Hapa tunapita dalili moja baada ya nyingine. Ujumbe wa makosa umeachwa kama unavyotokea kwenye skrini ili uweze kuulinganisha na wako neno kwa neno.

Jua kwanza plagini inataka nini

Usiipakie kwenye seva bado. Fungua faili la zip kwenye kompyuta yako na utafute composer.json, orodha ya mahitaji inayosomwa na Composer, chombo cha kukusanya maktaba za PHP. Ndani yake, chini ya "require", mistari inayoanza na ext- ndiyo moduli:

```
"require": {
    "php": ">=8.1",
    "ext-intl": "*",
    "ext-soap": "*"
}
```

Watengenezaji wengi huliondoa faili hilo wanapofungasha, lakini folda ya vendor hubaki, na ndani yake vendor/composer/installed.json huorodhesha mahitaji ya kila maktaba. Amri moja inatosha kuyakusanya yote:

```
grep -rhoE '"ext-[a-z0-9_]+"' jina-la-plagini/ | sort -u
```

Majina utakayopata ni washukiwa, hukumu bado. Mengine hutoka kwenye sehemu ya "suggest" au "require-dev", ambazo hazilazimiki. Mengine yana mbadala: ukiona symfony/polyfill-mbstring ndani ya vendor, plagini imebeba fanksheni zake za kuziba pengo la mbstring. Plagini isiyotumia Composer kabisa itakulazimu kupekua msimbo wenyewe:

```
grep -rnE --include='*.php' \
 'SoapClient|NumberFormatter|IntlDateFormatter|ZipArchive|DOMDocument|curl_init|imagecreate|bcadd|openssl_' \
 jina-la-plagini/
```

Usitegemee vendor/composer/platform_check.php ikulinde. Kwa mpangilio wa kawaida wa Composer 2, faili hilo hukagua toleo la PHP peke yake, halikagui moduli, isipokuwa mtengenezaji awe ameliagiza kufanya hivyo.

Kagua PHP inayohudumia tovuti

Kosa linalopoteza muda kuliko yote ni kukagua PHP isiyo ya tovuti. Seva moja inaweza kuwa na PHP tatu: ya mstari wa amri (cli), ya FPM (huduma ya PHP inayokimbia pembeni ya seva ya wavuti) na ya Apache, kila moja ikiwa na php.ini yake na orodha yake ya moduli. Kwenye Debian na Ubuntu utaziona wazi: /etc/php/8.1/cli/, /etc/php/8.1/fpm/, /etc/php/8.1/apache2/. Amri ya `php -m` inasoma ile ya cli tu. Wageni wa tovuti hawapiti huko.

Kwa hiyo weka faili dogo kwenye mzizi wa tovuti, ulipe jina lisilokisika kirahisi, mfano kagua-7f3x.php:

```php
<?php
header('Content-Type: text/plain; charset=utf-8');
$moduli = ['curl','openssl','mbstring','intl','dom',
           'simplexml','zip','gd','imagick','soap','bcmath'];
echo 'PHP ', PHP_VERSION, ' | ', PHP_SAPI, "\n";
echo 'php.ini: ', php_ini_loaded_file(), "\n\n";
foreach ($moduli as $m) {
    echo str_pad($m, 12), extension_loaded($m) ? 'ipo' : 'HAIPO', "\n";
}
echo "\nFanksheni zilizozimwa: ", ini_get('disable_functions'), "\n";
```

Lifungue kwa kivinjari. Mstari wa kwanza una thamani kuliko inavyoonekana: fpm-fcgi ni PHP-FPM, apache2handler ni moduli ya Apache, litespeed ni LiteSpeed, na ukiona cli umelikimbiza kwenye terminali. Majina mengine si yale uliyoyazoea: OPcache huitwa "Zend OPcache", na ionCube, inayofungua msimbo uliofungwa na muuzaji, huitwa "ionCube Loader", nafasi ikiwemo. Ukimaliza, lifute faili. phpinfo() nayo ingekupa haya na zaidi, ila huanika njia za mafaili, matoleo ya programu, na wakati mwingine hata nenosiri lililowekwa kwenye vigezo vya mazingira. Usiiache wazi hata kwa saa moja.

Ndani ya dashibodi, "Tools", kisha "Site Health", kichupo cha "Info" hukupa toleo la PHP na maelezo ya GD na Imagick. Ukurasa huo husema pia kama moduli zinazopendekezwa zimekosekana, lakini orodha yake ni ya mahitaji ya WordPress yenyewe. soap na bcmath hazimo, kwa hiyo alama ya kijani pale haimaanishi plagini yako iko salama. Mwenye WooCommerce aangalie pia "WooCommerce", kisha "Status": humo SoapClient, DOMDocument, cURL na Multibyte String zimeandikwa kila moja kwa mstari wake.

Dalili: "Plugin could not be activated because it triggered a fatal error"

Hii ndiyo hali nafuu. WordPress ilijaribu kuipakia, ikaanguka, na imeiacha ikiwa imezimwa. Tovuti inaendelea. Kilichobaki ni kusoma jina la kitu kilichokosekana. Kama ujumbe kamili hauonekani, fungua wp-config.php na uweke mistari hii juu ya ule unaosema "That's all, stop editing":

```php
define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );
```

Jaribu kuwasha tena, kisha soma mistari ya mwisho ya wp-content/debug.log. Ukimaliza rudisha WP_DEBUG kuwa false na ulifute faili hilo, maana kwenye seva nyingi mtu yeyote anaweza kulifungua kwa kivinjari.

Ujumbe wenyewe hukuelekeza kwenye moduli. Hizi ndizo zinazojitokeza mara nyingi, pamoja na kifurushi cha Ubuntu au Debian (badilisha 8.1 iwe toleo lako):

- `Class "SoapClient" not found`: soap, php8.1-soap
- `Class "NumberFormatter" not found` au `IntlDateFormatter`: intl, php8.1-intl
- `Class "DOMDocument" not found`, `Call to undefined function simplexml_load_string()`: kifurushi kimoja, php8.1-xml, huleta dom, simplexml, xmlreader, xmlwriter na xsl kwa pamoja
- `Class "ZipArchive" not found`: php8.1-zip
- `Call to undefined function imagecreatetruecolor()`: php8.1-gd
- `Class "Imagick" not found`: php8.1-imagick
- `Call to undefined function bcadd()`: php8.1-bcmath
- `Call to undefined function curl_init()`: php8.1-curl
- `Call to undefined function mb_convert_encoding()`: php8.1-mbstring

Zingatia alama ya mkwaju. Ujumbe ukisema `Class "Jina\La\Plagini\SoapClient" not found`, yaani jina refu lenye mikwaju, tatizo si moduli. Mtengenezaji amesahau kuonyesha kwamba klasi ni ya PHP yenyewe, na hata ukiweka soap mara kumi kosa litabaki. Hilo linarudi kwake.

Kwenye AlmaLinux, Rocky na ndugu zao majina hayana namba: `dnf install php-soap php-intl php-mbstring php-gd php-bcmath php-xml`, kisha `systemctl restart php-fpm`.

Dalili: plagini imewaka vizuri, halafu kazi moja inagoma

Hapa ndipo penye hasara. PHP haisomi klasi mpaka iitwe. Plagini ya ankara inayotumia DOMDocument kutengeneza PDF itawaka bila neno, mipangilio itafunguka, bidhaa zitaonekana, na itaanguka pale tu agizo la kwanza linapokamilika. Anayeona "There has been a critical error on this website" ni mteja, wewe hupo. Barua pepe ya tahadhari huenda kwa anwani ya msimamizi iliyo kwenye "Settings", na kama seva haitumi barua pepe, haifiki popote.

WordPress yenyewe huchangia kuficha pengo, bila nia mbaya. Ina njia zake za kuvuka moduli zilizokosekana, na njia hizo hukufanya uamini kwamba kila kitu kipo:

ZipArchive isipokuwepo, hutumia PclZip kufungua mafaili. Kwa hiyo kuweka plagini kwa zip kutafanikiwa kwenye seva isiyo na moduli ya zip, na plagini ya chelezo uliyoiweka hivyo hivyo ikashindwa kutengeneza hata chelezo moja.

cURL isipokuwepo, hutumia soketi za kawaida za PHP kuwasiliana na nje. Masasisho yatashuka kama kawaida. Plagini inayoita curl_init() moja kwa moja haitapata njia hiyo.

mbstring isipokuwepo, WordPress huleta mb_strlen() na mb_substr() zake. Ndiyo maana hutaona kosa la mb_strlen() ndani ya WordPress, ila utaliona la mb_strtoupper() au mb_convert_encoding().

Tiba ni kuipitisha plagini kwenye kila kazi yake kabla ya wateja: toa ankara moja, tuma malipo ya majaribio, tengeneza chelezo moja na uifungue, pakia picha moja kubwa. Fanya hivyo kwenye nakala ya tovuti yenye PHP ileile na moduli zilezile. Nakala iliyo kwenye kompyuta yako yenye moduli zote haikuthibitishii chochote kuhusu seva.

Dalili: terminali inasema ipo, tovuti inasema haipo

Angalia kwanza tovuti inatumia PHP ipi. Kwa nginx:

```
grep -rn fastcgi_pass /etc/nginx/sites-enabled/
```

Ukiona php8.1-fpm.sock na `php -v` ikakuambia 8.3, umepata jibu: uliweka moduli kwenye 8.3, tovuti iko 8.1. Amri ya `update-alternatives --config php` haitakusaidia, kwa sababu hubadilisha PHP ya terminali peke yake. Ama uweke moduli kwa toleo ambalo tovuti inalitumia, ama uhamishe tovuti.

Chanzo cha kawaida cha mkanganyiko huu ni kuandika jina la kifurushi bila namba. `apt install php-intl` huleta intl ya toleo ambalo hazina ya programu inalichukulia kuwa la msingi: 8.1 kwenye Ubuntu 22.04, 8.2 kwenye Debian 12, 8.3 kwenye Ubuntu 24.04. Ukiwa umeongeza hazina ya nje yenye matoleo mapya, amri hiyohiyo inaweza kukuletea PHP mpya kabisa ambayo hukuiomba. Andika namba kila mara: php8.1-intl.

Kama toleo ni moja lakini majibu bado yanatofautiana, moduli imewashwa upande mmoja tu:

```
phpquery -v 8.1 -s fpm -m intl
sudo phpenmod -v 8.1 -s fpm intl
sudo systemctl restart php8.1-fpm
```

Kuianzisha upya FPM si hiari. PHP husoma orodha ya moduli mara moja inapoanza. Vifurushi vya apt kwa kawaida huianzisha upya vyenyewe, lakini moduli uliyoijenga kwa pecl (hazina ya moduli za ziada za PHP) au faili la ini ulilohariri kwa mkono halitasomwa mpaka uianzishe wewe. Anayetumia moduli ya Apache aanzishe upya apache2. Kuanzisha php-fpm hakumgusi.

Dalili: umeweka, na bado HAIPO kila mahali

Hakikisha uliweka kitu chenyewe. `apt install curl` huleta programu ya kupakua kwa mstari wa amri. `apt install imagemagick` huleta programu ya picha. Zote mbili hazigusi PHP, na kwa kuwa amri imekamilika bila kosa, mtu huondoka akiamini kazi imeisha. Moduli ina jina linaloanza na php na namba ya toleo.

Kisha tafuta onyo la kuanza:

```
php8.1 -v
sudo grep -i "unable to load" /var/log/php8.1-fpm.log
```

Ujumbe wa `PHP Warning: PHP Startup: Unable to load dynamic library` hufuatwa na njia ya faili, na njia hiyo ina tarehe inayotambulisha toleo: 20190902 ni PHP 7.4, 20200930 ni 8.0, 20210902 ni 8.1, 20220829 ni 8.2, 20230831 ni 8.3, 20240924 ni 8.4. Sehemu ya mwisho ya ujumbe ndiyo yenye sababu:

"cannot open shared object file" ina maana faili halipo kwenye njia hiyo, au lipo lakini maktaba ya Linux ambayo faili hilo linaitegemea haipo. Endesha `ldd` juu ya faili la .so utafute palipoandikwa "not found".

"undefined symbol" ni moduli iliyojengwa kwa toleo jingine la PHP, au inayohitaji moduli nyingine itangulie. Kwenye conf.d, folda ya mafaili ya ini ya moduli, mafaili husomwa kwa mpangilio wa majina. Ndiyo sababu pdo hupewa 10 na pdo_mysql hupewa 20. Ukiliandika faili lako mwenyewe, lipe namba inayofaa.

"Module ... is already loaded" ni onyo la moduli kutajwa mara mbili, kwenye php.ini na kwenye conf.d. Halivunji kitu. Ondoa mstari wa php.ini.

Dalili: moduli ipo, fanksheni haipo

Ujumbe kwa kawaida ni uleule wa "Call to undefined function", na ukaguzi wako unasema ipo. Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni disable_functions. Kabla ya PHP 8.0, fanksheni iliyozimwa na msimamizi wa seva ilitoa onyo lililosema wazi kwamba imezimwa kwa usalama. Kuanzia 8.0, fanksheni hiyo huonekana kana kwamba haikuwahi kuwepo. Plagini za chelezo na za kubana picha huangukia hapa kwa exec() na proc_open(). Mstari wa mwisho wa faili la ukaguzi hapo juu umewekwa kwa ajili hiyo. Kwenye seva ya kukodi ya pamoja, usitarajie exec() kufunguliwa. Tafuta plagini isiyoihitaji.

Ya pili ni moduli iliyojengwa nusu. gd inaweza kuwepo bila WebP au bila FreeType. Hapo imagecreatetruecolor() hufanya kazi na imagewebp() au imagettftext() haipo kabisa. Ongeza `print_r(gd_info());` kwenye faili la ukaguzi uone. Imagick nayo ina mlango wake: ukipata "attempt to perform an operation not allowed by the security policy `PDF'", zuio liko kwenye policy.xml ya ImageMagick, mara nyingi /etc/ImageMagick-6/policy.xml, na kusoma PDF kunahitaji pia Ghostscript. Zuio hilo liliwekwa kwa sababu za usalama. Kama watu usiowajua wanaweza kupakia PDF kwenye tovuti yako, liache lilivyo.

Ya tatu ni vyeti, na inawahusu sana wanaounganisha malipo, iwe M-Pesa kupitia Daraja ya Safaricom au benki. Ujumbe ni "cURL error 60: SSL certificate problem: unable to get local issuer certificate". Moduli ya curl ipo, openssl ipo, na "Site Health" inasema mawasiliano na nje yako sawa. Vyote ni kweli. WordPress hubeba orodha yake ya vyeti, wp-includes/certificates/ca-bundle.crt, na huitumia inapowasiliana kwa njia yake. Plagini inayoita curl_init() hutumia orodha ya mfumo, na hiyo ndiyo iliyochakaa au haipo. Kwenye Linux:

```
sudo apt install --reinstall ca-certificates
sudo update-ca-certificates
```

Kwenye Windows, weka curl.cainfo na openssl.cafile ndani ya php.ini zielekee kwenye faili la cacert.pem. Kuna ushauri unaozunguka wa kuweka CURLOPT_SSL_VERIFYPEER kuwa false. Usiufuate kwenye kitu kinachobeba fedha: unaondoa uhakika pekee kwamba unayezungumza naye ndiye mwenye mfumo wa malipo.

Ndugu wa tatizo hili ni cheti cha .pfx (faili lenye cheti pamoja na ufunguo wake) cha zamani. openssl ipo, lakini openssl_pkcs12_read() inarudisha false na openssl_error_string() inataja "digital envelope routines::unsupported". OpenSSL 3, inayokuja na Ubuntu 22.04 na Debian 12, haikubali tena usimbaji wa RC2-40 mpaka uuombe makusudi. Kigeuze cheti mara moja:

```
openssl pkcs12 -legacy -in zamani.pfx -nodes -out muda.pem
openssl pkcs12 -export -in muda.pem -out mpya.pfx
rm muda.pem
```

muda.pem ina ufunguo wa siri usio na nenosiri. Ifute palepale.

Dalili zinazofanana na moduli na si moduli

"The link you followed has expired" wakati wa kupakia zip: faili limezidi post_max_size. PHP huja na 8M, na plagini nyingi kubwa huvuka hapo. "Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted": kumbukumbu ya 128M imejaa. "Parse error: syntax error, unexpected...": msimbo umeandikwa kwa PHP mpya kuliko yako. "Your Composer dependencies require a PHP version": sababu ileile, imesemwa wazi. Kwa hizi zote kuongeza moduli hakubadilishi chochote.

Kwenye cPanel

Kama hosti yako ina "Select PHP Version", ingia kwenye "Extensions" utie alama kwenye moduli. Mabadiliko hujihifadhi yenyewe. Mambo matatu huwakwaza watu hapo. Toleo likiwa "native" huwezi kubadili moduli. Chagua namba kwanza. Kila toleo lina alama zake, kwa hiyo ukihama kutoka 8.1 kwenda 8.2 unaanza kutia upya. Na mysqli haikai pamoja na nd_mysqli. Ukiwasha moja, zima nyingine, la sivyo utapata "Error establishing a database connection" au ujumbe kwamba PHP haina moduli ya MySQL.

Kama kuna "MultiPHP Manager" tu, unaweza kubadili toleo lakini si moduli. Huwekwa na msimamizi wa seva kupitia EasyApache 4, kwa majina kama ea-php82-php-soap. Mwandikie ujumbe usiohitaji maswali ya ziada:

"Habari za kazi. Naomba mniwekee moduli ya soap kwa PHP 8.2 (ea-php82-php-soap) kwenye akaunti ya mfano.co.tz. Tovuti inaonyesha 'Class "SoapClient" not found', na nimethibitisha kwa kivinjari kwamba extension_loaded('soap') ni false. Asanteni."

Kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) huko zina PHP yake pia. Andika njia kamili, /opt/cpanel/ea-php82/root/usr/bin/php, au /opt/alt/php82/usr/bin/php kwenye CloudLinux, badala ya neno php peke yake.

Kwenye XAMPP na Docker

XAMPP: fungua C:\xampp\php\php.ini, tafuta `;extension=intl`, `;extension=gd`, `;extension=soap`, `;extension=zip`, ondoa nukta-mkato ya mbele, zima na uwashe Apache. Kabla ya PHP 8.0 gd iliitwa gd2. intl ikikataa huku faili lake lipo, Apache haizioni maktaba za ICU (icudt, icuin, icuio, icuuc) zilizo ndani ya C:\xampp\php. Ongeza folda hiyo kwenye PATH ya Windows na uanzishe upya.

Docker: picha rasmi ya wordpress huja na bcmath, exif, gd, intl, mysqli, zip na imagick. soap haimo. Usiiweke ndani ya kontena linalokimbia, itapotea kontena likiundwa upya. Iandike kwenye Dockerfile:

```
FROM wordpress:php8.2-apache
RUN apt-get update && apt-get install -y libxml2-dev \
 && docker-php-ext-install soap \
 && rm -rf /var/lib/apt/lists/*
```

Ilifanya kazi jana

PHP imepandishwa toleo. Ukiboresha Ubuntu 22.04 kwenda 24.04, PHP inatoka 8.1 kwenda 8.3, na moduli ulizoziongeza moja moja kwa jina lenye namba haziifuati. Andika orodha kabla, linganisha baada:

```
php8.1 -m | sort > kabla.txt
php8.3 -m | sort > baada.txt
diff kabla.txt baada.txt
```

Kuna zinazoondoka kwa sababu PHP yenyewe imeziacha: mcrypt ilitolewa kwenye 7.2, imap kwenye 8.4, zote zikahamishiwa PECL. json imekuwa sehemu ya PHP isiyozimika tangu 8.0, hivyo usishtuke ukikosa kifurushi cha php8.1-json.

ionCube ni ngumu zaidi. Kila toleo la PHP lina faili lake la kupakia, na PHP 8.0 haikupewa faili kabisa. Waliruka kutoka 7.4 hadi 8.1. Plagini iliyofungwa kwa ionCube kwenye seva ya 8.0 haina tiba isipokuwa kubadili toleo. Faili la kupakia lazima litangulie OPcache, ndiyo maana huwekwa kwa jina la 00-ioncube.ini. Na hata likiwa sahihi, msimbo uliofungwa kwa ajili ya PHP 7.4 unaweza kukataa kwenye 8.1, hapo omba kwa muuzaji zip iliyofungwa kwa toleo lako kabla ya kuigusa seva.